Simu za Jioni Zinaenda kwa Mama

Mjomba mpendwa,

Naomba unisaidie, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana mke wangu alicheka hata sijafika katikati ya maelezo na mpaka leo kila simu ikiita ndani ya nyumba ananitazama kwa jicho la pembeni. Mimi ni fundi wa kompyuta na mitandao katika kampuni ya kusafirisha mizigo kwa malori, jengo letu ni la ghorofa moja, chini wako watu wa stoo na mizani, juu tuko sisi wa makaratasi, na chumba changu ni kile kidogo kando ya ngazi ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea mafagio, na hata sasa fagio moja limo, limekosa pa kwenda. Wananiita Fundi Waya, na hata kifaa kisicho na waya kikiharibika naitwa mimi.

Mwaka huu bosi alichoka na simu zetu za mezani. Nyaya zilizomo ukutani ni za tangu jengo lilipojengwa, panya wameshajilia sehemu yao, mvua ikinyesha unamsikia mtu wa tatu anaongea ndani ya mazungumzo yako, na wateja walishaanza kusema kwamba ukitaka kutupata ni heri uje kwa miguu. Bosi akaamua simu zihamie kwenye intaneti, ila zile za mezani tusizitupe kwa kuwa bado ni nzima, kwa hiyo kikanunuliwa kile kisanduku cha kuunganisha, ambacho upande mmoja unachomeka simu zako za zamani na upande wa pili unachomeka waya wa intaneti, nacho kinaichukua sauti ya mtu kinaisafirisha kwenye mtandao mpaka kwa mwenzake. Sikuwahi kufunga kitu kama hicho maishani, lakini nikasema nakiweza, maana ukisema hukiwezi analetwa mtu wa nje, na mtu wa nje akishaonja kiti chako hatoki.

Nikakifunga, na siku za mwanzo ilikuwa aibu tupu. Sauti zilikatika, mteja anasema neno nusu na nusu nyingine inafika akishakata, mwingine anajisikia mwenyewe akijirudia mpaka anajiuliza anaongea na nani, na nikahangaika sana kabla ya kugundua kwamba watu wa stoo walikuwa wanatazama mpira kwenye kompyuta yao na mpira ndio uliokuwa unaumeza mtandao wote. Nikapanga mitambo ili sauti za simu zipite kwanza na mengine yote yasubiri nyuma, stoo wakaninunia, lakini ilibidi nipime kama kweli imetengemaa, na kwa kupima nilihitaji mtu aliye nje ya ofisi, wa kuongea mfululizo huku mimi nabadilisha hiki na kile. Mke wangu aliongea kidogo akasema ana kazi. Ndipo nilipomkumbuka mama.

Mjomba, niwe mkweli, nilimchagua mama kwa sababu namba yake ndiyo pekee niliyo nayo kichwani, na kwa sababu mama yuko nyumbani wakati wote. Tangu baba afariki anaishi peke yake upande wa pili wa mji, dada yangu ameolewa mbali, mimi ndiye niliye karibu, na karibu yenyewe ni ya jina tu, kwa maana mara nyingi napanga kwenda Jumamosi na Jumamosi inapita. Nikampigia, nikamwambia akiona namba ya ofisi yetu inaita apokee tu, na aongee. Akauliza aongee nini. Nikamwambia chochote mama, mimi nasikiliza sauti tu. Mama akaongea. Siku ile aliongea sana, alianza na mlango wa nyuma, akaingia kwa baba, akarudi kwenye mlango, na mimi nilikuwa nimevaa hedifoni nasikiliza kama sauti inakatika au haikatiki. Haikukatika hata kidogo. Nilifurahi mno, nikamwambia asante mama, basi imetosha, nikakata.

Sasa katika mipangilio ya kile kisanduku kuna mahali panapokuuliza, simu ikiingia na hakuna wa kuipokea, ipelekwe wapi. Nikaweka namba ya mama hapo ili nione kama simu iliyokosa mtu inaweza kutoka nje salama. Ikatoka salama. Nikasema nitaiondoa kesho, kesho yake printa ya mhasibu ikameza karatasi, siku iliyofuata kukawa na jambo jingine, na mimi nikasahau kabisa, si kwamba nilipuuza, nilisahau kama mtu anavyosahau kuzima taa ya chumba asichokitumia. Kwa hiyo tangu wakati huo ofisi ikishafungwa jioni, kila mteja anayepiga, simu inaita mezani kwa dada wa mapokezi, inakosa mtu, inakwenda kwa mama. Na mama anapokea, kwa sababu mimi mwanawe nilimwambia apokee tu na aongee chochote.

Sikujua. Wa kwanza kushangaa alikuwa dada wa mapokezi, maana wateja walianza kupiga asubuhi wakiwa wapole, hata yule aliyezoea kuanza na lawama kabla ya salamu akawa anaulizia hali ya yule mama wa jioni. Dada akadhani bosi ameajiri mtu. Bosi akadhani nimeajiri mimi, au kwamba huduma hiyo ilikuja pamoja na kisanduku. Akasimama kwenye kikao cha wafanyakazi akasema fundi wetu ametufungia simu na juu yake ametuletea mtu wa kuongea na wateja jioni bila kelele wala majigambo, watu wakapiga makofi, na mimi nikatabasamu kama mtu aliyeng'olewa jino huku sielewi nasifiwa kwa lipi. Siku hiyo tulipofunga ofisi nikasimama barabarani, ng'ambo ya geti letu, nikapiga namba ya ofisi kwa simu yangu. Iliita, ikaita, ikabadilika mlio, kisha nikasikia: "Karibu, hapa ni kwa mizigo. Wenyewe wameshakwenda kupumzika, lakini mimi nipo. Sema, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama. Yeye kwake ilionekana namba ya ofisi, hakujua ni mimi. Akasema tena, sema mwanangu, usiogope. Nikakata bila kusema neno.

Jumamosi ile nilikwenda, haikupita. Mjomba, sikumtambua. Baada ya baba, mama alikuwa amekuwa mtu wa kujibu nipo, ukimuuliza anaendeleaje ni nipo, amekula nini ni nipo, lakini siku ile nilimkuta ameoga mapema, amepika mapema, kiti kimesogezwa karibu na dirisha ambako mtandao unashika vizuri, na ile simu yake ndogo ya vibonyezo iko kwenye chaji juu ya kitambaa safi. Jirani alikuja kumwalika wakae nje, mama akamwambia hawezi, yuko zamu. Akanisimulia habari za wateja wetu ambao mimi mwenyewe siwajui, yuko mke wa dereva ambaye mumewe akisafiri hana usingizi, hupiga kuulizia lori na wakimaliza la lori wanahamia kwenye homa ya mtoto, yuko mzee mmoja wa mbolea ambaye mama amemwamuru akapime kifua na amekwenda kweli. Alicheka mara nyingi. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwambia. Nikaanza, mama, kuhusu hizo simu. Akanishika mkono, akaniwahi.

"Sikukushukuru," akasema. "Uliona mama yako amekuwa mtu wa kukaa tu, ukanitafutia kazi bila kunitia aibu ya kuomba. Mimi nilikuwa nasema huyu mtoto amenisahau. Kumbe ulikuwa unafikiria."

Nikanywa chai yangu, nikasema ni nzuri.

Lingekuwa limeishia hapo labda nisingekuandikia, lakini kuna mfanyabiashara mmoja wa vitambaa alipiga jioni kuulizia marobota yake, mama akamwambia mwanangu lala, mzigo wako utafika asubuhi, akiwa na nia ya kumtuliza tu. Yule bwana akawaita wanunuzi wake waje asubuhi, wakaja, wakakaa dukani, na lori letu lilikuwa limevunjika ekseli huko njiani wala halikufika siku hiyo wala iliyofuata. Akaja ofisini akiwaka moto, akisema mama yenu wa jioni aliniahidi. Bosi akamtuliza, na badala ya kukasirika akaniambia nimweleze mama huyo awe anatuuliza kwanza kabla ya kuahidi, kisha akasema kwa kweli ni wakati wa kumtambua, nimlete Ijumaa ijayo apewe zawadi mbele ya wafanyakazi wote, na namba ya ofisi itaandikwa kwa rangi ubavuni mwa malori kwamba tupigie hata jioni. Hajui kwamba ni mama yangu. Hajui kwamba ni kosa. Anadhani nina akili.

Mke wangu anasema jambo lenyewe ni dogo, niiondoe namba kimyakimya, mama nimwambie mashine imeharibika, bosi nimwambie yule mama ameacha kazi, na kila mtu atabaki na heshima yake. Nimekaa mbele ya kompyuta na ile namba mara kadhaa. Kuifuta ni kubonyeza mara moja. Mkono unakataa. Nikimwambia bosi ukweli atasema siri za mizigo ya watu zimekuwa zikienda kwenye nyumba ya mtu binafsi, na akinifukuza nitakuwa sina la kusema, na nina watoto. Nikimwambia mama, nitakuwa nimemnyang'anya kazi aliyonayo, na pia kile anachokiamini kuhusu mimi, ambacho nacho kilikuwa hakipo. Nakuomba unionyeshe namna ya kuiondoa namba ile mama asiumie na mimi nisipoteze kazi.

Ni mimi mpwa wako wa gazetini,
Fundi Waya

*

Fundi Waya,

Umeniita mjomba, na umejiita mpwa. Mjomba ni ndugu wa mama. Kwa hiyo huyo uliyeniandikia habari zake ni dada yangu, nami nitakujibu kama kaka mtu, usije ukalalamika kwamba hukuonywa.

Nianze na haki yako. Hukuiba, hukumdhulumu mtu, ulikuwa unatengeneza simu. Kusahau ni ubinadamu, na mwana mbaya angeshaifuta namba hiyo siku ile ile aliyoijua, akaenda zake kula. Mkono wako umekataa, na mkono unaokataa una mtu ndani yake. Pole sana. Pole niliyonayo leo ni hiyo tu, iweke vizuri.

Mkeo alicheka, na mimi nilicheka. Nilicheka pale dada yangu aliposema hapa ni kwa mizigo, nikacheka tena kwenye kifua cha mzee wa mbolea. Kisha nikarudi nyuma kusoma upya, nikafika pale ulipomwomba mjane aongee chochote, naye akaongea kwa muda mrefu, na wewe ukawa unasikiliza kama sauti inakatika. Mwanangu, niliziweka chini karanga nilizokuwa nikitafuna. Unajua kwa nini aliongea sana? Hakuna aliyekuwa amemwomba aongee. Unaniambia alizungumzia mlango wa nyuma na hujui mlango ulikuwa na nini. Je, haufungi? Mwanamke anayeishi peke yake na mlango wa nyuma usiofunga, amemweleza mwanawe ambaye ni fundi, na fundi akasema asante mama, imetosha. Leo ukitoka kazini pitia dukani ununue kitasa.

Tuje kwenye kosa lenyewe, maana naona hujalishika vizuri, unalishika kwa mkia. Makofi ya kwenye kikao nakusamehe, hukujua unapigiwa nini. Lakini ulipokata simu pale barabarani ulishajua. Tangu hapo kila jioni iliyopita ni yako, si ya kisanduku. Na hilo la mfanyabiashara wa vitambaa umelisimulia kama ajali ndogo, wakati ndilo kubwa kuliko yote. Dada yangu ana moyo mzuri na hajui lori liko wapi. Anawafariji watu kwa habari asizokuwa nazo. Leo ni marobota yamechelewa, wanunuzi wamenuna, yamepita. Siku nyingine yule mke wa dereva atapiga akiulizia mumewe, dada yangu atamwambia lala mama, yuko salama, na mume atakuwa amelala mtaroni na lori lake. Hilo likitokea, unadhani mama yako atakulaumu wewe? Atajilaumu yeye, mpaka anaingia kaburini. Ndiyo maana hatuna nafasi ya kungoja Ijumaa.

Ushauri wa mkeo nauheshimu kwa kuwa anakupenda, lakini haufai. Utamwambia mama mashine imeharibika. Sawa. Wiki ijayo atakuuliza imeshatengenezwa? Na wewe ni fundi. Mama anayejua kwamba wewe ndiye unayezitengeneza, utamjibu nini, kwamba imekushinda? Utaongeza uongo wa pili ili kuulinda wa kwanza, na wa tatu ili kuulinda wa pili. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ni fupi zaidi kwa sababu bosi wako ana namba hiyo ndani ya mitambo yake, na mhasibu akiangalia bili ya simu ataiona namba moja imepigiwa kila jioni. Aanze kuuliza yeye, halafu uone heshima itakavyobaki.

Uliniomba nikuonyeshe namna ya kuiondoa mama asiumie. Namna hiyo haipo, na anayekuambia ipo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ataumia. Kazi yako ni kuwepo anapoumia.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa mama kwanza, kabla ya bosi, kwa sababu kilicho chake asikisikie kwa mtu baki. Nenda mchana, ofisi ikiwa wazi, simu zikiwa hazimfikii, omba ruhusa ya nusu siku. Nenda peke yako, na kitasa chako. Usimwambie kwa simu, nimekwisha kuona jinsi unavyotumia simu. Kaa, mwambie kwa maneno mafupi: mama, niliweka namba yako kupima mitambo, nikasahau kuitoa, zile simu zilikuja kwako kwa kusahau kwangu, sikukutafutia kazi. Kisha mwambie na la pili, ambalo nalo ni kweli: kwamba wateja wa kampuni nzima wamekuwa watu wapole kwa sababu yake, na kwamba uliisikia sauti yake siku moja ukakosa la kusema. Mwambie na habari za yule wa vitambaa, asifichwe, yeye si mtoto.

Kuna neno moja litakuja mdomoni na nakukataza kulisema. Usimwambie: lakini moyoni nilikuwa nakukumbuka. Amekushukuru kwa kitu ambacho hukukifanya, na wewe mwenyewe umeandika kwamba hakikuwapo. Usikiumbe sasa hivi kwa mdomo ili ujiokoe. Mwache alie kama atalia. Anaweza kucheka pia, na anaweza kukuambia alikuwa anajua siku zote, maana akina mama wanajua mengi wanayoyanyamazia, lakini usiende ukiliegemea hilo. Ukimaliza kusema, nyamaza, na yeye akianza kuongea usiangalie saa.

Ukirudi ofisini siku hiyo hiyo, kabla milango haijafungwa, iondoe namba. Mahali pake weka maneno yaliyorekodiwa, dada wa mapokezi anayo sauti nzuri bila shaka, aseme ofisi imefungwa, pigeni kesho asubuhi. Kisha ingia kwa bosi, funga mlango, useme yote kwa mpangilio uleule uliokwenda nao kwa mama, bila kumtanguliza mama kama ngao. Usianze na mama yangu ni mjane. Anza na nilikosea. Mwambie umesharekebisha, na mwambie zawadi ya Ijumaa isiwepo. Anaweza kukufukuza. Siwezi kukuahidi hatafanya hivyo, mimi si dada yangu, siahidi lori nisilolijua liliko. Lakini akikufukuza itakuwa ni kwa kusahau na kuchelewa kusema, na fundi wa namna hiyo hupata kazi kwingine. Ukingoja akugundue, atakufukuza kwa kuficha, na hiyo inakufuata kila unakokwenda kuomba.

Na iwapo bosi, akishajua kila kitu, bado atamtaka mama wa jioni, kwa kuwa wapo wafanyabiashara wenye akili hiyo, hayo ni mazungumzo yake na mama yako, wewe toka katikati. Aje mwenyewe amwombe. Kazi ina mkataba, ina mshahara, ina saa ya kuanza na saa ya kuacha, na kazi hii inahitaji mtu wa kumwambia kila jioni malori yako wapi, ili asibahatishe na roho za watu. Na mama yako awe na haki ya kusema hapana, nimechoka. Asipotakiwa, basi ndiyo basi, na usimtafutie kazi nyingine ya kubuni ili kumfuta machozi. Mtu si simu kwamba akikosa wa kumpokea unamhamishia kwingine.

Sasa nikuambie la mwisho, na hili ndilo ninalokutuma kama mjomba. Siku utakayoiondoa namba ile, jioni yake ofisi itafungwa kama kawaida. Dada yangu atakuwa ameoga mapema na kupika mapema kwa sababu mwili umezoea, ataketi, na simu itakuwa mbele yake, na safari hii atajua vizuri kwamba haitaita. Atakaa hivyo hata kama ameshakusamehe. Jioni hiyo mpigie wewe, kwa namba yako, jina lako likitokea kwenye kioo cha simu yake. Usiwe na habari ya kumpa wala shida ya kumwomba. Akikuuliza unataka nini, mwambie hutaki kitu, umepiga kumsikiliza.

Na kesho yake upige tena.

Mjomba